Nukta ya Penseli, Ukurasa wa Nne

Jambo ambalo mama hataki lisemwe mezani ni hili: nilimwonea wivu mdogo wangu wa kike kwa miaka kumi na miwili, na wala sikuona haya. Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga. Nilirusha ndege.

Nilirusha kindege cha abiria hamsini kutoka Chicago kwenda Green Bay, kutoka Green Bay kurudi Chicago, kisha Peoria, kisha Moline, na siku ya bahati, Kalamazoo. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu. Niliwafundisha madaktari wa meno kurusha ndege ya injini moja, nao wakinitapikia mapajani na kuniambia ni kosa langu. Ada ya shule ya urubani niliipata kwa kupaka rangi maghala ya ng'ombe kila kiangazi, na mpaka leo nikisikia harufu ya rangi mgongo unaniuma. Saa zangu za kuruka niliziokota moja moja, kama kuku anavyookota mchele uliomwagika. Nilipofikisha saa elfu sita na mia nne na themanini nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na kipara kilikuwa kimeanza kupiga hodi.

Corinne, huyo mdogo wangu, yeye alichukuliwa na Jeshi la Anga akiwa na miaka ishirini na miwili. Wakamfundisha, wakamlisha, wakamvisha, wakamkabidhi ndege ya kivita. Hakupaka rangi hata banda la kuku. Saa zake zilikuwa elfu moja na mia moja na arobaini na tatu. Nazitaja zote kwa sababu nilizijua kwa kichwa, kama mtu anavyoujua mshahara wa jirani.

Mwaka mmoja yeye na wenzake watatu walipita juu ya uwanja wa mpira wa Green Bay kabla ya mechi, wimbo wa taifa ukiwa unamalizika. Watu elfu themanini wakawa wamevua kofia, wakapiga kelele. Mama alikuwa jukwaani na mkate wenye soseji mkononi, akalia mpaka mkate ukalowa. Mimi nimepita juu ya uwanja uleule mara mia nne. Hakuna aliyevua hata glavu.

Mwaka mwingine alisafiri ndani ya ndege yangu mwenyewe, amevaa sare za jeshi. Tulipotua nikasimama mlangoni kuwaaga abiria kama ilivyo desturi. Babu mmoja akaupita mkono wangu ulionyooshwa, akaukamata wa Corinne na kuutikisa. "Asante kwa kulitumikia taifa, binti yangu," akamwambia, macho yamelowa. Kisha akanigeukia mimi, rubani aliyemleta salama kwenye theluji: "Choo kiko wapi?"

"Usiudhike, Kaka," Corinne akaninong'oneza, akiuma mdomo asicheke. "Mzee alikuwa amebanwa."

Basi mwenye roho nyeupe angecheka. Mimi nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini. Rubani wa vindege kama mimi ana ndoto moja tu, kuajiriwa na shirika kubwa. Nililolitaka mimi tulikuwa tukiliita Shirika, basi, kana kwamba hakuna jingine duniani. Siku unayoingia Shirika unapewa namba ya foleni, na namba hiyo ndiyo maisha yako. Ndiyo inayoamua utarusha ndege ipi, utakaa mji gani, na Krismasi utaila na watoto wako au na mhudumu wa hoteli. Aliyeingia kabla yako yuko mbele yako mpaka astaafu, hata kama ni mjinga. Na Shirika lina sheria yake: usaili ni mara tatu. Ukishindwa wa tatu, faili lako linafungwa na usipige simu tena.

Nilikuwa nimeshindwa mara mbili. Mara ya kwanza walichukua watu ishirini, na kumi na sita walitoka jeshini. Sikuambiwa na mtu, niliwahesabu kwa kunyoa kwao. Mara ya pili sikuhesabu, kwa sababu niliogopa jibu.

Ilikuwa Novemba, nikijiandaa kwa mara ya tatu, ndipo Corinne alipomaliza mkataba wake wa jeshi. Akaja nyumbani Sheboygan, akatua begi lake jikoni kwa Mama, akatangaza kwamba naye anaomba kazi Shirika. Nchi ina mashirika mangapi? Aliona hilohilo moja.

"Kaka, nisaidie," akaniambia Jumapili ile, akinisukumia karatasi mezani. Alikuwa amechapisha fomu yake ya maombi kabla ya kuituma. "Wewe ndiye mtu wa karatasi. Sisi kule karatasi zetu tulifanyiwa na sajenti."

"Kwa hiyo mimi sasa ni sajenti wako?"

"Sajenti alikuwa anacheka mara mojamoja. Soma, bwana kapteni."

Nikatoa penseli. Hapa inabidi niwaeleze tabia yangu moja. Kabla ya kila safari rubani hupewa karatasi: mafuta, uzito, hali ya hewa. Mimi huzisoma na penseli mkononi, na palipo na kosa huweka nukta ndogo pembeni, kisha namwambia rubani mwenzangu. Nukta kwanza, mdomo baadaye. Mkono unafanya wenyewe, kama wa mshonaji. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuweka nukta nikafunga mdomo.

Ukurasa wa nne ndio wa saa za kuruka. Jeshini huhesabu muda tangu magurudumu yanapoiacha ardhi mpaka yanapoigusa tena. Sisi wa kiraia tunahesabu tangu ndege inapoanza kusogea kwenye maegesho. Kwa hiyo mashirika huwaongezea wanajeshi dakika kama kumi na nane kwa kila safari ili wasipunjwe. Mashirika mengi humtaka mtu ajiongezee mwenyewe, na kila mwanajeshi anamfundisha mwenzake hivyo. Shirika halitaki. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani, imeandikwa: andika saa kama zilivyo kwenye rekodi ya jeshi, nyongeza tutafanya sisi.

Corinne alikuwa ameandika elfu moja na mia tatu na hamsini na sita.

Nililijua kosa hilo kama ninavyojua jina langu. Siku ya usaili meza ya kwanza ni ya kukagua madaftari ya saa za kuruka, na fomu isipolingana na rekodi unahesabiwa kuwa mwongo. Unakwenda nyumbani kabla ya saa nne asubuhi, na huruhusiwi kuomba tena mpaka mwaka upite. Mkono wangu ukaweka nukta. Nikafungua mdomo kabisa, nawaapia.

Mama akaingia wakati huohuo na sahani ya soseji, pilipili manga imenyunyizwa kama kawaida yake. Akamshika Corinne bega. "Huyu akipata kazi hiyo, kanisa zima litajua," akasema. Kisha akanitazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniua. "Na wewe Russ, mwanangu, usijali. Hiyo kazi uliyonayo nayo si mbaya."

"Vipi, Kaka?" Corinne akauliza, mdomo umejaa mkate. "Kuna kitu?"

"Iko sawa," nikasema.

Akaituma fomu jioni ileile.

Tuliitwa Februari sote wawili, Kansas City. Kuitwa kwetu siku moja hakukuwa bahati. Yeye alipewa tarehe tano tofauti achague mojawapo, akachagua yangu ili tusafiri pamoja. Akakodi gari, akaendesha yeye, akaimba njia nzima kwa sauti mbaya. Mimi nilitazama dirishani na kujiambia kwamba aliye juu mngoje chini. Methali nzuri hiyo, mpaka aliye juu awe ni mdogo wako na anakuuliza kama unasikia baridi.

Asubuhi ya usaili, kwenye chai ya hoteli, nilikuwa bado na nafasi. Namjua jamaa aliyegundua kosa lake asubuhi ya mwisho, akamwambia mkaguzi kabla hajaulizwa, wakalisahihisha kwa kalamu na kazi akapata. Kwa hiyo sentensi moja ilitosha. Corinne akanihamishia viazi vyake vya kukaanga kwenye sahani yangu, kama alivyofanya tangu utoto, maana anajua navipenda.

"Mbona huli, Kaka?"

"Nakula."

"Utapita. Mimi nina wasiwasi na nafsi yangu, wewe sina. Saa elfu sita! Wakikukataa na safari hii nitawarushia bomu."

Maneno yalinifika kooni, yakakutana na viazi, yakarudi.

Chumba cha kungojea kilikuwa na makundi mawili bila mtu kuyapanga. Wa jeshini walikaa karibu na kahawa, suti za rangi moja, saa za mkononi kubwa kama vifuniko vya chupa, wakiitana kwa majina yao ya utani. Sisi wa kiraia tulikaa ukutani na mabegi ya magurudumu, kila mtu na madaftari yake yaliyochakaa. Mmoja wao, kijana mwenye shingo nene, akanisogelea.

"Wewe mkubwa, ulikuwa unarusha nini?"

"Ndege ya abiria hamsini."

"Ahaa. Basi la shule."

"Basi la shule angalau hubeba watu," nikamjibu. "Wewe ulikuwa unabeba nini zaidi ya kichwa chako?"

Wenzake wakamcheka. Corinne akacheka kuliko wote, akaja kusimama upande wangu wa ukuta. "Mwacheni kaka yangu," akawaambia. "Huyu amesahau mambo mengi ya ndege kuliko mnayoyajua." Nilimchukia kwa wema huo. Sina neno jingine la kusema.

Waliita kwa herufi. Sote ni Dallmann, na Corinne hutangulia Russell. Mlango wa chumba cha madaftari ulikuwa wa kioo, nikaona kila kitu bila kusikia. Mkaguzi alikuwa mama mwembamba, miwani inaning'inia shingoni. Akalinganisha, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Akaweka kidole mahali na kuuliza. Corinne akafungua jalada lake mwenyewe, akatoa ile nakala aliyoichapisha Novemba, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua uso akanitazama mimi kupitia kioo.

Mkaguzi akauliza swali jingine. Corinne akatikisa kichwa. Akasimama, akampa mkono kama askari, akatokea mlango wa pili ule wa kwenda kwenye maegesho ya magari. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Dallmann mwingine," mkaguzi akaita. Nilipoketi akauliza, "Yule ni nduguyo?"

"Mdogo wangu."

"Pole yake. Makosa ya kizembe hayo." Akafungua madaftari yangu matano, akayapitia kwa dakika ishirini. "Haya sasa ndiyo madaftari. Safi hivi sijayaona mwaka huu."

Sikumbuki kama nilimshukuru.

Kwenye usaili wenyewe walikuwa wawili, mwanamke wa ofisini na rubani wao mzee aliyeitwa Thibodeaux, ambaye zamani alikuwa wa jeshi la majini. Kila mtu anayeomba kazi hii analijua swali kuu, na hujiandaa kwalo kama mtoto na kipaimara. Thibodeaux akaliuliza akiegemea kiti: "Tuambie siku ulipomwona mwenzako akikosea. Ulifanya nini?"

Nikawapa ile ya Moline. Theluji, mwenzangu kaiwekea ndege kimo kisicho sahihi, mimi nikamwambia papo hapo, tukasahihisha, tukatua. Kila neno lilikuwa kweli. Nimeisimulia mbele ya kioo cha bafuni miaka mingi, najua mahali pa kunyamaza na mahali pa kutabasamu kidogo.

"Na kama mwenzako huyo ungekuwa humpendi?" Thibodeaux akauliza. "Tuseme anakuudhi. Tuseme unamwonea wivu."

"Ndege haijui nani anampenda nani," nikasema. "Ukiliona, unalisema."

Yule mwanamke akaliandika jibu langu lote. Saa tisa alasiri wakanipa mkono na kuniambia karibu.

Nilimkuta Corinne kwenye maegesho, ameketi kwenye buti la gari lililo wazi, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa amenisubiri saa tano na nusu katika baridi ya Februari, na pembeni yake palikuwa na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja hakijaguswa.

"Wamekuchukua?" akauliza.

"Wamenichukua."

Akaruka chini akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Nilisimama kama gogo. Akaniachia, akarudi kuketi, akafungua jalada na kuiweka ile karatasi magotini, ukurasa wa nne juu.

"Nilidhani ni pilipili manga," akasema. "Ya soseji za Mama. Miezi mitatu nimeitazama karatasi hii, nikidhani hii hapa ni pilipili manga. Mpaka yule mama alipoweka kidole chake hapohapo kwenye fomu."

Nikaitazama ile nukta.

"Akaniuliza kama kuna mtu aliyenikagulia kabla sijatuma. Nikamwambia hakuna."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jina lililokuwa linafuata ni lako, mjinga wewe! Ningesema ni kaka yangu, kapteni, yuko hapo nje, wangekuuliza nini? Ungesema hukuona, wangekuona hujui kazi. Ungesema uliona..." Akaacha. "Mimi mwakani narudi. Wewe hii ilikuwa ya tatu. Ungerudi wapi?"

"Corinne, mimi..."

"Usiniambie hukuona. Hilo tu naomba. Mengine yote niambie."

"Niliona," nikasema. "Niliona, nikanyamaza. Nilikuwa nakuonea wivu."

Akachukua kile kikombe ambacho hakijaguswa, changu, akakimimina chini pole pole mpaka tone la mwisho, akinitazama usoni. Kahawa ilikwisha poa zamani, haikutoa hata mvuke. Kisha akatoa simu akampigia Mama, akaiweka sauti ya juu ili tusikie sote.

"Corinne!" Mama akaitikia kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Umepata?"

"Russ kapata, Mama! Kaka kapata!"

Mama akapiga ukelele. Tukasikia sufuria, tukasikia akimshukuru Mungu, tukasikia akilia. Kisha akatulia. "Na wewe, mwanangu?"

"Mimi mwakani. Nilikosea hesabu kwenye fomu."

"Hesabu? Lakini si ulimpa kaka yako akague? Hapa hapa mezani kwangu?"

Corinne akanitazama. Nilidhani sasa ndiyo sasa, na nusu yangu ilitaka aseme, imalizike.

"Nilimpa," akasema. "Ni kosa dogo sana, Mama. Hata yeye asingeliona."

Akakata simu. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti langu, upande wa penseli. "Mwakani nitakuletea nyingine," akasema. "Safari hiyo weka nukta kubwa."

Aliendesha yeye tena. Hakuimba. Nilikaa kiti cha abiria kando yake nikiwa na kazi niliyoitafuta miaka kumi na miwili na namba itakayokuwa mbele ya yake mpaka nistaafu. Tulipofika barabara kuu akawasha hita na kuigeuzia upande wangu bila kuniuliza. Nikamtazama, na sijawahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea siku ile.